Nguruwe wa Malishoni na Soseji Njema: Kwa Nini Bei Yake Ni Kubwa?

Mtu akiingia katika duka la nyama la mji mkubwa siku hizi, iwe London au hapa kwetu Nairobi, huenda akaona soseji za nguruwe za namna mbili zimewekwa bega kwa bega. Za kwanza ni za bei nafuu, nyekundu na laini, nazo zafanana zote. Za pili bei yake yaweza kuwa mara mbili, na juu ya karatasi yake imeandikwa kwamba nguruwe aliyetoa nyama hiyo alilelewa malishoni kwa huruma.

Mnunuzi hujiuliza: Je, maneno hayo ni kweli, au ni urembo wa mfanyabiashara tu? Naye mkulima hujiuliza: Ikiwa watu wako tayari kulipa zaidi kwa nguruwe wa malishoni, kwa nini nisifungue mlango wa banda nikawaacha wangu waende wapendako? Maswali yote mawili yana majibu. Lakini swali la pili lina hatari ndani yake, maana kosa moja laweza kumpotezea mkulima kundi zima kwa muda wa siku chache, au kumletea mtoto wa jirani ugonjwa wa kifafa.

Kabla hatujaendelea, twajua kwamba wasomaji wetu wengi, Waislamu na Wasabato miongoni mwao, hawali nyama ya nguruwe. Makala haya hayakusudii kumshawishi mtu yeyote ale asichokila. Hata hivyo habari za kumtendea mnyama vema, na za kuzuia maradhi kijijini, zamhusu kila mtu, na mwisho wa maelezo haya tutaona kwa nini.

TABIA YA NGURUWE

Watu wengi hudhani kwamba nguruwe ni mchafu kwa asili yake. Sivyo. Nguruwe hawezi kutoa jasho la kumpoza kama binadamu. Jua linapokuwa kali hana njia nyingine ya kupata nafuu ila kujigaagaza katika maji au matope. Na matope yakikauka juu ya ngozi humkinga na jua na wadudu. Akipewa nafasi ya kutosha hachafui mahali anapolala, bali hujitengea pembe yake ya choo mbali na malazi.

Pua yake ndiyo jembe lake. Kutwa hufukua ardhi akitafuta mizizi, minyoo na mbegu, na akinyimwa kazi hiyo huwa na uchungu, akauma vyuma vya banda au mikia ya wenziwe. Jike hubeba mimba kwa miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, yaani siku 114 au karibu na hizo. Saa za kuzaa zinapokaribia hutafuta nyasi na majani makavu akajenga tundu la watoto wake, kama afanyavyo ndege. Akifungwa mahali pasipo na unyasi hata mmoja, bado hukwaruza sakafu kwa miguu na pua kana kwamba anajenga.

WAINGEREZA WALIVYOANZA KUFIKIRI

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Ulaya na Marekani walianza kufuga nguruwe kwa maelfu ndani ya majengo. Majike wenye mimba walifungiwa katika vizimba vyembamba mno hata mnyama hakuweza kugeuka. Faida ilikuwa kubwa na nyama ikawa rahisi.

Mwaka 1964 mama mmoja Mwingereza, Ruth Harrison, alitoa kitabu kiitwacho Animal Machines kilichoeleza hali hiyo, na watu wengi wakashtuka. Serikali ya Uingereza ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell. Taarifa ya kamati hiyo, iliyotolewa mwaka 1965, ilisema kwamba mnyama wa kufugwa hapaswi kukosa nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo vyake.

Kutokana na neno hilo yalitokea yale yanayoitwa Mambo Matano ya Uhuru wa Mnyama, yaliyotangazwa mwaka 1979 na baraza lililowekwa kwa kazi hiyo. Nayo ni haya: mnyama asipate njaa wala kiu, asikae mahali pa taabu, asiachwe na maumivu, jeraha au ugonjwa, aweze kufuata tabia zake za asili, na asiishi katika hofu na dhiki. Mwaka 1999 Uingereza ilipiga marufuku vizimba vyembamba vya majike wenye mimba. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata tarehe 1 Januari 2013, ingawa sheria yao yaruhusu kizimba katika majuma manne ya kwanza ya mimba.

Hapa Kenya pia iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Basi kumtendea mnyama kwa huruma si desturi ya kigeni tuliyoazima. Ni jambo lililomo katika sheria za nchi yetu wenyewe.

MANENO YA DUKANI YASOMWE KWA MAKINI

Huko Uingereza majike wengi wa kuzaa hukaa nje mashambani, kila mmoja na kibanda chake cha bati chenye nyasi kavu. Lakini mnunuzi asidanganyike akidhani kwamba kila soseji yenye picha ya shamba la kijani yatoka kwa nguruwe aliyeishi nje siku zote. Yako maneno ya namna tatu, nayo hayana maana moja.

La kwanza lasema kwamba nguruwe alizaliwa nje. Maana yake ni kwamba mama yake alikuwa malishoni, lakini mtoto alipoachishwa ziwa alipelekwa bandani. La pili lasema kwamba alilelewa nje. Huyu alikaa nje karibu nusu ya maisha yake. La tatu ndilo la uhuru kamili, yaani nguruwe aliyezaliwa nje akakua nje mpaka siku ya kuchinjwa. Hao wa namna ya tatu ni wachache sana, na soseji zao ndizo za bei kubwa kuliko zote.

HURUMA NA UTAMU WA NYAMA

Je, mnyama aliyetendewa vema hutoa nyama bora kweli? Katika jambo moja jibu ni ndiyo, na sababu yake yajulikana wazi.

Ndani ya misuli ya nguruwe mna akiba ya sukari. Mnyama akifa, sukari hiyo hugeuka polepole kuwa asidi, na asidi hiyo, ikija kwa kiasi na kwa wakati wake, huifanya nyama kuwa laini na ya kudumu. Lakini nguruwe akipigwa, akikimbizwa au kuogopeshwa dakika chache kabla ya kuchinjwa, asidi huja kwa haraka mwili ungali na joto. Nyama hugeuka kuwa nyeupe, tepetepe, yenye kutoa maji. Na mnyama aliyeteswa kwa muda mrefu, kama vile kusafirishwa kutwa nzima bila maji wala mapumziko, huwa amemaliza akiba yake yote. Nyama yake huwa nyeusi, ngumu na kavu, tena huoza upesi.

Nyama ile nyeupe haifai kwa soseji. Haishiki maji, na ikitiwa katika kikaango hunywea sana. Kwa hiyo mchinjaji mwenye akili humpumzisha nguruwe, humpa maji, humwongoza bila fimbo, na humpoteza fahamu kabla ya kumtia kisu. Afanyapo hivyo amtendea mnyama haki, na pia ailinda mali yake.

Jambo la pili ni mafuta. Tumbo la nguruwe si kama la ng'ombe. Mafuta ayalayo huingia mwilini mwake bila kubadilika sana. Akilishwa vyakula vyenye mafuta mengi ya maji, kama makapi ya njugu au ya soya yasiyokamuliwa vizuri, mafuta yake huwa laini kama siagi juani. Akilishwa shayiri, ngano na viazi, mafuta huwa meupe na magumu. Mtengenezaji wa soseji hupenda mafuta magumu. Basi mnunuzi ajue kwamba malisho peke yake hayatoshi kuleta utamu. Chakula kinachotiwa kihorini chahesabiwa pia, na vilevile umri na ukoo wa mnyama. Nguruwe anayekua polepole na kutembea sana huwa na nyama nyekundu zaidi na yenye ladha kali zaidi.

JINSI SOSEJI NJEMA INAVYOTENGENEZWA

Soseji ya nguruwe kwa asili ni kitu kisicho na siri. Ni nyama, mafuta, chumvi na viungo, ndani ya utumbo uliosafishwa.

Huchukuliwa nyama ya bega na ya tumbo. Katika kila kilo 10, kilo 7 au zaidi kidogo huwa nyama tupu, na zilizobaki huwa mafuta. Mafuta yakipungua sana soseji huwa kavu kama ubao. Yakizidi huyeyuka yote katika kikaango. Chumvi hutiwa gramu 150 hadi 180 kwa kilo 10. Chumvi haitiwi kwa ladha tu: ndiyo inayotoa katika nyama ule utomvu unaoshikamanisha vipande vyote pamoja. Kisha hutiwa pilipili manga, kungumanga, tangawizi kidogo, au majani yenye harufu nzuri kama desturi ya mahali ilivyo. Watu wa Lincolnshire, mathalani, hutumia jani liitwalo seji. Watu wa Cumberland hutia pilipili kwa wingi na kuizungusha soseji kama kamba iliyokunjwa, bila kuikata vipande.

Kanuni kubwa kuliko zote ni baridi. Nyama na mafuta viwe baridi karibu na kuganda kabla ya kusagwa, na mashine pia ipozwe. Mafuta yakipata joto hupakaa nyama badala ya kukaa katika vipande vidogo, na soseji ikipikwa hutoa mafuta yote na kubaki kama unga. Nyama iliyosagwa hukandwa mpaka inate mkononi, kisha husukumwa ndani ya utumbo: wa kondoo kwa soseji nyembamba, wa nguruwe kwa zilizo nene. Tena ikumbukwe kwamba nyama iliyosagwa huharibika upesi kuliko kipande kizima, kwa kuwa vijidudu vilivyokuwa nje huchanganywa mpaka ndani. Isiachwe nje ya jokofu, na wakati wa kupika iive mpaka katikati pasiwe na wekundu. Moto uwe wa polepole, wala soseji isichomwe kwa uma, maana utamu wote utavuja.

Soseji za bei nafuu hutiwa pia maji, unga wa mkate, wanga na soya. Hizo si sumu, na zimelisha watu wengi. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua anunuacho. Wakati wa vita nyama ilipokuwa adimu, soseji za Uingereza zilitiwa maji mengi hata zikawa zikipasuka katika kikaango kwa mshindo, na Waingereza wakazipa jina la utani lenye maana ya vipiga-kishindo, ambalo hulitumia hata leo. Kwa sheria ya nchi hiyo, kitu kikiitwa soseji ya nguruwe hakina budi kuwa na nyama ya nguruwe isiyopungua asilimia 42. Soseji ya Cumberland ya asili, ambayo jina lake lilipewa ulinzi wa sheria mwaka 2011, haina budi kuwa na nyama isiyopungua asilimia 80. Tofauti hiyo peke yake yaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya bei.

MALISHONI SI KUZURURA

Sasa twafika kwenye swali la mkulima. Yapasa lisemwe waziwazi: kumfuga nguruwe malishoni si sawa na kumwacha azurure. Nguruwe wa malishoni yu ndani ya ugo, amepewa kivuli, maji, matope, malazi makavu na chakula chake. Nguruwe anayezurura hana mlinzi, hujitafutia chakula mitaroni na jalalani, na katika nchi yetu hatari zake ni mbili.

Hatari ya kwanza ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, na daktari wa wanyama aliyeitwa Montgomery, katika taarifa yake ya mwaka 1921. Aliona nguruwe walioletwa na walowezi kutoka Ulaya wakifa karibu wote, hali ngiri wa porini waliishi na ugonjwa huo bila kudhurika. Baadaye ilijulikana kwamba papasi wanaokaa katika mashimo ya ngiri ndio wanaoutunza. Ugonjwa huu haumdhuru binadamu, lakini kwa nguruwe hauna tiba, na mara nyingi huua karibu kundi zima.

Tena husafiri ndani ya nyama. Virusi vyake hudumu muda mrefu katika nyama mbichi, katika soseji na katika nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa bila kupikwa. Mwaka 1957 ulifika Ureno, ukatokea karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon kwa nguruwe waliolishwa makombo. Mwaka 2007 ulizuka Georgia, na wataalamu hudhani kwamba uliletwa na makombo ya meli. Mwaka 2018 ulifika China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani, na wanyama kwa mamilioni wakapotea. Ugonjwa uliotajwa kwanza katika mashamba yetu umezunguka ulimwengu, na mara nyingi uliomchukua ni binadamu mwenyewe, kwa gari lake, viatu vyake na ndoo yake ya makombo.

Hatari ya pili ni tegu wa nguruwe, na huyu amgusa binadamu mwenyewe. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai yake pamoja na choo. Akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura hula choo hicho, na mayai hugeuka katika nyama yake kuwa vifuko vidogo vyeupe. Mtu akila nyama hiyo haijaiva hupata tegu, na duara laanza upya. Lakini liko baya zaidi. Mayai yenyewe yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga zilizochafuliwa, vifuko hivyo vyaweza kukaa ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Wataalamu wamemkuta tegu huyu katika sehemu za magharibi ya Kenya, kama Busia na Homa Bay, ambako nguruwe wengi huachwa wazurure.

Basi msomaji aone: mtu asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote aweza kupata kifafa kwa sababu ya jirani asiye na choo na nguruwe asiye na ugo. Kifafa cha namna hiyo si laana, wala si kazi ya mchawi. Ni ugonjwa wenye njia yake, na njia hiyo yaweza kufungwa kwa choo, sabuni, ugo na ukaguzi wa nyama.

HESABU YA MKULIMA

Wazee wa Kiambu wakumbuka kiwanda cha Uplands, karibu na Limuru, kilichotengeneza bekoni na soseji tangu siku za walowezi. Kiwanda hicho kilifungwa miaka mingi iliyopita, lakini ulaji wa soseji umezidi, na katika miji yetu hakuna njia kubwa isiyo na mchuuzi wa soseji na kachumbari. Soko lipo. Je, mkulima mdogo afaidike vipi?

Asidhani kwamba malisho yatampunguzia gharama ya chakula. Nguruwe si ng'ombe. Nyasi ni kitoweo chake tu, na bado hana budi kupewa nafaka na chakula cha kujenga mwili. Tena yule wa nje hula zaidi kwa kuwa hutembea na kustahimili baridi, na hukawia kidogo kufikia uzito. Nguruwe wa kilo 100 hutoa mzoga wa kilo 70 hadi 75, na kati ya hizo mifupa na ngozi bado havijatolewa. Ardhi nayo hutaka mapumziko: akikaa mahali pamoja nguruwe huigeuza kuwa matope matupu, na mayai ya minyoo hudumu udongoni kwa miaka. Mlimani, mvua ya kwanza itachukua udongo wote. Hizi ndizo sababu za haki za ile bei kubwa.

Kwa mkulima anayetaka kujaribu, twatoa mashauri haya:

1. Anza kwa kushauriana na afisa wa mifugo wa mahali pako. Katika sehemu zenye ngiri au nguruwe mwitu, huenda akakushauri ufugie bandani, kwa nyasi nyingi na nafasi ya kutosha. Banda kubwa lenye majani ya kufukua ni bora kuliko malisho yenye ugonjwa.

2. Weka ugo imara, wa mara mbili ikiwezekana, na ugawe uwanja katika sehemu ili kundi lihamishwe na ardhi ipumzike.

3. Usilishe makombo yenye nyama. Uingereza iliyapiga marufuku kabisa makombo ya jikoni mwaka 2001, baada ya ugonjwa wa miguu na midomo kuleta hasara kubwa mno.

4. Usinunue nguruwe kwa bei ya kutupwa kutoka kijiji chenye vifo. Nguruwe wako wakifa kwa ghafula, toa habari siku hiyo hiyo, wala usiuze nyama.

5. Kila mtu wa nyumba yako awe na choo na akitumie, na kila anayewashika nguruwe anawe mikono kwa sabuni.

6. Chinjia mahali palipo na mkaguzi wa nyama, na utafute mnunuzi kabla hujazidisha idadi ya nguruwe.

Na wewe mnunuzi, uliza maswali. Nguruwe alikaa wapi? Kiasi gani cha soseji hii ni nyama? Muhuri wa mkaguzi uko wapi? Muuzaji mwaminifu hataudhika, naye mkulima aliyefanya kazi yake kwa haki atafurahi kuulizwa. Pasipo mtu wa kuuliza, karatasi yenye picha ya shamba la kijani yaweza kufunikia jambo lolote.